Picha za Mwezi Huu na Neno Nisilolisema

Nakuru, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, vumbi la ziwani limelala, na hapa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kila mlango unatoa moshi wa makaa mabichi. Nina majuto, na afadhali niyaandike mapema kuliko kuyazungukazunguka.

Lakini kwanza picha. Kila lori letu la sinema likirudi kutoka mashambani, mimi hukaa hapa kitandani nikaandika tulionyesha nini, watu walipenda nini, na mimi mwenyewe naonaje. Leo nataka kufanya hivyo hivyo, ingawa mkono unavutwa kwingine.

Kazi yangu ni kusimama kando ya kitambaa cheupe nimeshika kipaza sauti, nikiwasemea watu wa kwenye picha kwa Kiswahili. Picha zenyewe zinazungumza Kiingereza, na watu wa mashamba ya Njoro na Rongai hawana Kiingereza cha kutosha kucheka nacho. Wasemaji wengine husimulia tu: sasa huyu bwana anasema ana njaa, sasa bibi anamjibu kwamba chakula hakuna. Mimi siwezi uvivu huo. Mwenye kulia nalia naye, mwenye kutongoza natongoza naye, na bibi kizee akitokea nabana pua mpaka watoto wanazunguka lori kumtafuta. Ndiyo maana mashamba mengine huuliza kama ni Elija anayekuja, au ni yule mwingine.

Nianze na picha ya maziwa safi. Mkulima mmoja anaosha ndoo kwa maji ya moto, jirani yake haoshi. Mwisho wa picha mmoja ana baiskeli mpya na mwenzake anaumwa tumbo. Serikali inaipenda sana. Watu wa Rongai hawakuitazama ndoo hata kidogo, walimtazama ng'ombe. Mzee mmoja wa Kitugen alisimama wima akatangaza kwamba ndama yule si wa ng'ombe yule, tazameni anavyomnusa, na kuanzia hapo hakuna aliyenisikiliza tena. Maoni yangu: picha ni ndefu, ndoo zimezidi, na mzee alisema kweli.

Picha ya wapanda farasi wa Amerika haina mpinzani. Hata wale wanaosema sinema ni dhambi hupitia nyuma ya miti kuitazama. Nina neno moja tu. Ng'ombe wote wale, na kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna anayekamuliwa hata mmoja. Yule shujaa anakunywa nini asubuhi? Tena kuna pale anapomwacha msichana mlangoni akapanda farasi na kwenda zake, nasi sote tunapiga makofi. Mwezi uliopita nilipiga makofi kuliko wote. Leo ningemshika yule farasi hatamu nikamuuliza bwana wake ana akili gani.

Ile ya mtu mnene na ngazi haina maneno. Anapanda, anaanguka, ndoo ya rangi inamwagikia kichwani. Nikaijaza maneno yangu, eti nisaidie. Kule Elburgon kipaza sauti kikafa katikati, nikanyamaza kwa lazima, na watu wakacheka mpaka mama mmoja akaomba ashikwe. Ningepaswa kujifunza siku ile. Sikujifunza.

Hapa mjini nilikwenda kwa nauli yangu kutazama picha ya Kihindi. Tunakaa mabenchi ya mbele kabisa, shingo inauma, na lugha sielewi. Wanaimba wakipendana, wanaimba wakifiwa, hata wakikimbizwa na polisi wanapata nafasi ya kuimba. Nililia wazi wazi na sijui niliyemlilia. Naipa sifa zote.

Picha ya habari, ile ya askari na gwaride, sina la kuisifu. Tangu hali ya hatari itangazwe tunaionyesha kila mahali, na watu huitazama kimya. Mashamba mengine zile nafasi walizokuwa wakikaa majirani zetu Wakikuyu ziko wazi, na nyumba zao zimepigiliwa mbao. Hiyo napewa karatasi ya kusoma. Naisoma kama ilivyo, bila kuigiza, na nikimaliza nakunywa maji.

Imebaki picha ya kijana aliyekwenda mjini.

Si picha mbaya. Ingekuwa mbaya ningekuwa salama. Kijana anatoka kijijini, anapata kazi ya ofisi, anavaa tai. Mama yake anamfuata kwa miguu, na kitambaa chake kichwani na kapu lake la mayai, mpaka kwenye geti. Askari anamuuliza kijana, huyu ni nani? Kijana anamtazama mama yake, kisha anamtazama Mzungu wake aliyesimama pembeni.

Pale ndipo mimi, kwa spika, kwenye uwanja wa shamba moja la ngano huko Njoro, nikasema kwa sauti yangu yote: "Simjui mwanamke huyu! Mama yangu mimi alikufa zamani!"

Uwanja mzima uliguna. Kuna mwanamke alipiga yowe kama la msibani. Nikasikia raha mpaka kwenye visigino, kusema kweli, maana mguno wa namna ile msemaji huupata mara chache.

Mstari wa mbele kabisa, kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, alikuwa amekaa Mzee Mudaki, mkuu wa wachungaji wa shamba lile. Ni Mmaragoli kama mimi. Tena ni baba yake Rasoa, msichana ninayetaka kumuoa, na yeye Mzee alikuwa analijua hilo tayari. Hakuguna. Alichukua kigoda chake akaondoka kabla picha haijaisha. Mimi nikadhani amesikia baridi.

Kwetu mtu hamtamkii mama yake kifo akiwa hai. Hata ukikasirika. Hata kwa mchezo. Neno likishatoka mbele ya watu linamfuata aliyetajwa, na aliyelitamka watu wanamwogopa kidogo, kama mtu aliyeonekana akichimba kaburi bila msiba. Nilijua haya yote tangu utotoni. Niliyajua nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Leo asubuhi tulikwenda kuposa. Mshenga wangu alikuwa Baba Mdogo Zakayo, ndugu mdogo wa marehemu baba, anayefanya kazi ya kugeuzia treni njia hapa steshini. Alivaa koti lake la kanisani. Njiani alinikumbusha mara nyingi: siku ya kwanza mposaji hafungui mdomo mbele ya baba wa msichana. Anakaa, anatazama chini, anaonekana mpole. Wa kusema ni mshenga. Wewe unasema kazini kutosha, akaniambia, leo utaniachia mimi.

Tulipokelewa vizuri. Chai ilikuwa na maziwa mengi. Baba Mdogo aliongea kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo, akapita kwenye koo, akapita kwenye ng'ombe, akamsifu Mzee kwa kulea binti anayefundisha watoto wa shamba kusoma. Mzee Mudaki alikuwa anasikiliza huku akichonga fimbo yake kwa kisu. Baba Mdogo alipopumua, ndipo akauliza.

"Mama ya hii kijana iko?"

"Yuko, mzee. Mzima kabisa, na anawasalimu nyote," akajibu Baba Mdogo.

"Mimi nauliza yeye."

Akainua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Nataka niandike hilo vizuri, maana njia nzima ya kurudi Baba Mdogo alikuwa akisema mzee ni mkali na alikuwa na nia yake tangu mwanzo. Si kweli. Alinitazama kama mtu anayemshikia mwenzake mlango.

Nilihisi kiatu cha Baba Mdogo kikikanyaga changu chini ya meza. Nikatazama chini. Nikaonekana mpole.

Mzee alingoja. Kuku aliingia, akafukuzwa, akatoka, na yeye bado anangoja. Neno lenyewe lilikuwa fupi na lilikuwa pale kwenye ulimi: yuko. Mimi ninayesemea majambazi na mabibi vizee, mimi ninayelia kwa niaba ya watu nisiowajua, nilishindwa kusema kwamba mama yangu yuko hai.

Akafunga kisu chake. "Basi. Ng'ombe wananingoja," akasema, akatoka. Mama yake Rasoa akaanza kukusanya vikombe, na changu kilikuwa bado na chai.

Rasoa alitufuata mpaka kwenye njia ya barabara kuu, amejifunika gunia kichwani kwa sababu ya manyunyu. Baba Mdogo kwa adabu akatangulia. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa na uso anaowawekea watoto wasiofanya kazi ya darasani.

"Baba alikuuliza kitu kidogo sana, Elija."

Nikamwambia ni desturi, siku ya kwanza mposaji hasemi.

"Na ile siku ya spika ulikuwa na desturi gani?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema mimi ni msemaji tu, natafsiri, maneno ni ya picha. Baba Mdogo, habari za ule uwanja zikiwa zimemfikia, alikuwa ameniandalia jibu hilo tangu jana na nilikuwa naliona zuri. Rasoa akanitazama mpaka nikamaliza.

"Yule mtu wa picha hakusema mama yake amekufa. Alisema tu, mwondoeni. Mimi nasikia Kiingereza, umesahau?" Akavuta gunia lake vizuri. "Hayo mengine uliongeza wewe. Sijamwambia baba."

Kisha akaniambia kwamba Jumamosi ijayo kuna wageni wengine. Ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati huko Molo, na watu wake. Anakuja na mama yake.

Nikasimama pale matopeni nikamtazama akirudi kwao. Hata hapo sikusema kitu. Kulikuwa na desturi gani hapo? Hakuna. Nilikuwa bubu tu.

Tangu nifike nyumbani najiuliza kwa nini niliongeza. "Mwondoeni" ni neno zito vya kutosha. Lingetosha kabisa kuwafanya watu wagune. Lakini nilitaka mguno mkubwa zaidi, nikatafuta ndani yangu kitu cha kutisha, na kilichokuwa karibu kikawa hicho. Hakikutoka kwenye picha. Mwaka jana sikwenda nyumbani Maragoli. Krismasi nilisema lori lina kazi, na lilikuwa gereji. Salamu za Mama huletwa na Baba Mdogo, nami humrudishia zangu kwa Baba Mdogo huyo huyo, sukari na kitambaa, kama mtu anayelipa kodi. Mama hajawahi kuona landi hii. Hajawahi kunisikia kwenye spika. Watu wa mashamba wanaijua sauti yangu kuliko yeye.

Nimekosa. Nimemkosea yeye kabla ya kumkosea Mzee Mudaki, na Mzee aliliona hilo mapema kuliko mimi.

Baba Mdogo anasema tuwape muda, tuongeze ndama mmoja kwenye maneno yetu, mzee atalainika. Sitaki. Mzee hakuuliza habari ya ndama. Jumatatu lori linakwenda Elburgon, na Bwana wetu hapendi msemaji anayeomba ruhusa. Litakwenda bila mimi. Akinifukuza, basi yule mwingine asome picha zote kwa uvivu wake, na watu wa Elburgon watanisamehe au watanisahau. Nitapanda gari la moshi la Kisumu, nimfuate Mama. Sijui kama nitarudi kabla ya hao wageni wa Molo. Sijui kama Mama atakubali kupanda gari la moshi, maana analiogopa. Sijui hata kama Rasoa angali ananitaka, kwa sababu sikumuuliza.

Hivi sasa nimeweka kalamu chini nikajaribu. Nilitaka kusikia tu linavyotoka, kwa sauti yangu ya kawaida, bila kubana pua. Nikasema, "Mama yangu yuko."

Upande wa pili wa ukuta, jirani yangu Mama Truphena akaitika papo hapo. "Amefika? Na wewe umenyamaza tu hapo! Ngoja nimchemshie maji ya kuoga, ametoka mbali huyo!" Nikasikia karai likiburutwa na akimwita binti yake alete kuni kavu.

Ilibidi nitoke mlangoni kwenye mvua nimwambie hapana, hajafika. Ndiyo kwanza naenda kumchukua, kesho.

"Ah, vizuri," akasema, karai bado mkononi. "Na yeye anajua unakuja?"

Nikamwambia hajui.