Mlimtangazia Nani

Ngenge, Muleba
Jumatatu

Kaka Rwegasira,

Shikamoo. Naamini huko Bukoba, hapo Kibeta, mmeamka salama na goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na nimekukasirikia wewe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa alama ya kidole gumba tu.

Umesema watu wa Ngenge hawapendi shule, kwa hiyo darasa la jioni la watu wazima tulilolianzisha mimi na wewe lifungwe, nami nirudi nyumbani. Hawapendi? Tangazo uliliweka Instagramu, umevaa koti, unazungumza Kiingereza. Nimesoma majina ya waliokusifu. Ni Wahaya wenzetu walioko Dar es Salaam, wanapongeza koti. Hakuna hata mmoja anayelima huku. Umehesabu sifa za ukoo ukadhani ni wanafunzi.

Unamtafuta nani, na huyo mtu habari anazipata wapi? Ndilo swali la kwanza. Nilikuambia mapema kwamba wengi huku wana vitochi, simu ndogo zisizo na intaneti. Wanasikia redio jioni wakimenya ndizi. Wanasikia matangazo kanisani kabla ya mnada wa mikungu ya sadaka, maana hapo hakuna anayeondoka. Wenye simu kubwa, nilisema, tuwatumie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Kihaya. Ukanijibu kwamba redio ni ya wazee. Kuuliza si ujinga, kaka, lakini wewe hata ukiambiwa husikii.

Jana nilimwomba mwinjilisti alisome tangazo. Leo asubuhi wanawake wamejaa mlangoni, na usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulifungwa Ijumaa. Wa kwanza alikuwa Ma Adera, mjane aliyeachishwa shule akiwa na mimba. Cheti cha kuzaliwa amekifunga kwenye pindo la khanga. Nilipomweleza, hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, mimi miezi yote nilikuwa hapa hapa. Mlimtangazia nani?"

Naona aibu mpaka sasa. Mwaka mzima umempotea huyu mama kwa sababu yako. Darasa silifungi, na kurudi sirudi. Nimemwambia mwenye jibu yuko Bukoba, na Jumapili atasimama kanisani wakati wa matangazo amjibu kwa Kihaya. Mwinjilisti ameshaandika jina lako.

Nisalimie wifi yangu, watoto, na Ta Petro jirani yetu. Mama mwambie Jumapili asikuwekee chakula.

Mdogo wako,
Koku