Kidonda Kisichouma

Pamela, mbona hupokei simu? Haya naandika kwa mkono mmoja, niko hospitali.

Si unakijua kile kidonda changu cha kidoleni? Kimekuwa cheusi tii, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, na hakiumi. HAKIUMI kabisa.

Nikamwambia daktari nilichomwa na mwiba nikikata majani ya ng'ombe. Mama mkwe alikuwa pembeni, kanikazia macho nisithubutu kusema kingine.

Daktari akakibonyeza taratibu. "Mwiba ungeuma, dada. Nyumbani mmechinja nini?"

Nikamtazama mama mkwe. Akarudia, "Mmechinja nini?"

Pamela, nilisema! Mbele ya mama mkwe! Nikasema yule mbuzi tulimkuta bandani ameshakufa, damu inamtoka puani, tukamwahi kisu shingoni ili watu wasijue ni kibudu. Mimi ndiye niliyemchuna.

"Hiki ni kimeta, kimetoka kwa huyo mbuzi," daktari akasema. Mama mkwe akaanza kulia palepale.

Nimechomwa sindano, nalazwa. Wanasema kinatibika ila nisikikamue. Bwana mifugo anapanda nyumbani Kibosho sasa hivi, na daktari anaandika majina ya wote tuliowagawia nyama. Mama mkwe anawataja mmoja mmoja, mpaka wenzake wa jumuiya ya kanisani.

La kwako nimelitaja mimi.

Ule mguu wa mbuzi niliokuletea hapo kwako Rau Jumapili, umeshaupika? Kama uko kwenye friji usiuguse, hata mfuko usifungue.

Naona tiki zimekuwa za bluu. Pamela, nijibu. Watoto wamekula?