Barua Ambayo Sikuipiga Mimi

Jumatatu, 6 Machi 1961
Seneta Tolliver amestaafu, na chuo kikuu kinazitaka karatasi zake zote. Miaka ishirini na minne ya uwakili na siasa! Nani wa kuzipanga? Karani wake, yaani mimi, bila shaka. Seneta mwenyewe yuko kwenye ngazi za mahakama, anatafuna karanga na kupiga soga.

Jumanne, 7 Machi
Masanduku tisa. Hotuba za kampeni zote nilitunga mimi. Wapiga kura walikuwa wakila nguruwe wa kuchoma huku wakimshangilia Seneta: “Lucius ana ulimi wa dhahabu!” Ulimi wangu huo! Sikulalamika. Aliahidi nikisoma sheria hapa ofisini miaka mitatu, atanidhamini nifanye mtihani wa uwakili. Nilisoma. Mwaka 1946 nikafanya mtihani, majaji wanaousimamia wakanikataa. Akaniletea pai ya pichi. Majaji wanaogopa wanawake, Bi Verna, alisema, si kosa lako.

Jumatano, 8 Machi
Nimeikuta. Kwenye faili la mbwa wake wa kuwinda! Barua kwa majaji, kaipiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili, makosa tele. “Bi Verna Pruitt hana uthabiti wa akili. Msimkubali. Iwe siri.” Wiki moja kabla ya mtihani. Mwaka wa kampeni yake ya kwanza.
Na nakala ya kaboni kaitunza! Kila barua iwe na nakala — mimi ndiye niliyemfundisha. Loh! Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 9 Machi
Sikwenda kazini. Nimesingizia kichwa. Nimelia mpaka macho yamevimba. Miaka kumi na mitano namshukuru!

Ijumaa, 10 Machi
Bwana Ansley wa chuo kaja na lori. Anataka niweke sahihi kwamba hakuna kilichoondolewa. Mara Seneta huyo, mbio mbio, ananong'ona: lile faili la mbwa nipe mimi, Bi Verna, nani atasoma habari za mbwa?
Nikamwambia, nimezisoma.
Akasawijika. Nilikuhitaji, akasema, nani angeniandikia hotuba? Hata samahani hana!
Nimejifungia stoo na faili. Naandika juu ya sanduku la tisa. Nje ananibembeleza — “Verna, mama, fikiria jina langu.” Jina lake! Na langu je? Sasa anauliza nataka nini. Leo ndiyo ananiuliza! Bwana Ansley naye anagonga, anataka kujua kama sanduku hili nalo tayari, na mimi nalirudisha faili la mbwa sandukuni, barua ikiwa ndani, naenda kumfungulia nitie sahihi.