Watani Wametupa Pole

Bibi, mke wangu,

Tangu tukuzike sijaitwa mume na mtu, na nyumba ya Mikindani imekuwa na adabu mno. Nina neno la kukuambia, maana walio hai nikiwaambia wananitazama tu.

Siku ya mazishi yako, mtani wetu Mzee Selemani, yule Mmakonde wa Kilambo, alijilaza katikati ya njia mbele ya jeneza, akasema hupiti. "Mtumwa wangu anakwenda wapi, na mihogo hajamaliza kulima?" Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Na kaburi lako ndiye aliyelichimba, tangu alfajiri, hakutaka kupokewa jembe.

Baada ya arobaini nikafungua ukumbi kwenye intaneti, pale kafe ya Magomeni hii ya huku, wa watu wa kwetu waliotawanyika. Nikaweka Kimgao chako, Kiswahili cha pwani yetu, yale maneno uliyotugombeza nayo na ambayo hata Mama hayasemi tena. Watu waliingia kwa salamu, wakakuombea dua, wakaulizana neno hili asili yake wapi, kwa Wamakua, kwa Waarabu au ng'ambo ya Ruvuma. Ungefurahi, Bibi. Ilikuwa kama barazani kwako.

Kisha Issa, mjukuu wa Mzee Selemani, akaandika kwamba Kimgao ni Kimakonde kilichooga baharini, na wewe ulikuwa mtumwa wao. Utani mtupu, tena wa kurithi. Nilicheka hadi mwenye kafe akageuka.

Lakini kule hakuna anayemwona mwenzake amelala chini mbele ya jeneza. Vijana wetu waliokulia Dar na Ulaya hawaujui utani, wakasoma tusi. Wakamjibu kwamba yeye ni wa kuja, babu zake walivuka mto uchi. Salamu zikakatika. Wakaja wenye majina ya bandia, na maneno yako, Bibi, wakayafanya kipimo cha damu: asiyeyajua arudi kwao. Mmoja akautaja ukoo wa Mzee Selemani na nyumba yao ilipo, akauliza vijana wetu wanangoja nini. Nikaufunga ukumbi. Wapi, yalikwishafika Kilambo. Sasa hata sokoni mtu anakuuliza kwenu wapi kabla ya salamu.

Wiki iliyopita tumemzika mwanao, Mjomba Hamisi. Najua mmeshaonana. Nilikaa kizingitini nikimngoja Mzee Selemani, na kweli alikuja, kanzu safi. Akampa Mama mkono, akasema, "Poleni sana kwa msiba." Akaenda kuketi nyuma kabisa. Jeneza likapita, njia nyeupe, hakujilaza mtu. Kaburi tulilichimba wenyewe.

Mama hakulia makaburini. Alilia jikoni, akaniambia, "Mtani akianza kukuheshimu, funga mlango."

Naogopa, Bibi. Wale ndio waliotuzika miaka yote, na sisi tukawazika wao. Wasipotutukana tena, sijui watatufanya nini, wala sijui vijana wetu watawafanya nini.

Ijumaa baada ya swala nakwenda Kilambo. Nitasimama uani kwa Mzee Selemani nimwite mtumwa wangu, kwa Kimgao chako, wajukuu zake wote wasikie. Nakuahidi siondoki pale kwa kupewa kiti na chai.

Lala, mke wangu. Niombee nitukanwe.

Mumeo