Taa Inayotulia Kabla ya Ardhi

Mshauri mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa urefu wa barua, maana jambo hili nikianza kulisema linanitoka lote kwa pamoja. Mimi ni mtu mzima, nina mume na kazi, na kazi yangu ni kutengeneza picha na mwanga katika mtambo wa kujifunzia urubani wa helikopta, ule ambao mwanafunzi anakaa kwenye kiti cha kweli, anashika usukani wa kweli, lakini vilima na nyasi na jua linalozama vyote viko kwenye skrini, na vyote nimevichora mimi.

Sasa kuna hitilafu moja. Tukiweka mandhari ya jioni, taa ya chini ya helikopta haimuliki inavyotakiwa, mwanga wake unayumba polepole juu ya nyasi kama maji kwenye beseni lililobebwa, halafu helikopta ikikaribia kabisa kugusa ardhi, unatulia tuli. Ni kosa langu mwenyewe, na kulirekebisha ni kazi ya asubuhi moja tu, lakini mshauri, laiti ungeuona. Saa ya chakula cha mchana wenzangu wakitoka mimi nabaki, nazima taa za chumba, nakaa kwenye kile kiti nazitazama nyasi zinavyoamka na kulala, hata nikirudi nyumbani mume wangu akiniuliza chumvi iko wapi namjibu ndiyo. Basi nikawa naahirisha, leo, kesho, wiki ijayo.

Mdogo wangu wa mwisho, tunayemwita Mawingu kwa sababu tangu utotoni macho yake yako juu tu, anasomea urubani hapohapo kazini kwangu. Mwalimu wao anamsifu kwamba anatua vizuri kuliko wote. Juzi nikakaa pembeni yake, akaishusha helikopta taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, nikamuuliza anajuaje amebakiza kiasi gani kufika chini. Akacheka.

"Dada, mimi ardhi siiangalii. Nasubiri taa itulie, ikitulia naiachia helikopta iguse chini."

Nikamweleza kwamba taa ya kweli haiyumbi wala haitulii namna hiyo. Akanisihi nisimwambie mtu, maana wiki ijayo anatua jioni kwa helikopta ya kweli, na mwalimu akijua atamrudisha mwanzo, na mama ameshawatangazia majirani na ukoo mzima, shati jeupe la siku hiyo ameshalipiga pasi, limetundikwa mlangoni. Mdogo wangu nampenda, na nisikufiche, ile taa nayo naipenda. Nimewaza nirekebishe kimyakimya tu, na kwa kuwa mwalimu atakuwa pembeni yake huko angani, pengine hakitaharibika kitu. Nishauri, usingizi umenikimbia.

Ni mimi, Dada wa Taa

*

Dada wa Taa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilizifuata zile nyasi zako mpaka chai ikanipoa mkononi. Ya pili nikakasirika.

Kupenda kitu kizuri si kosa, hata kama umekitengeneza kwa bahati mbaya. Kosa ni kuwaacha watu wajifunzie hapo. Halafu unanitajia Mawingu, Mawingu, Mawingu. Wenzake je? Ni wangapi waliokaa kwenye kiti hicho kabla yake, wakasubiri taa itulie, wakafaulu, wakaenda zao? Ukirekebisha kimyakimya, hao nani atawaambia? Na hilo la mwalimu kuwa pembeni usinichekeshe. Anamsifu kuliko wote, kwa hiyo ndiye atakayemwachia usukani bila wasiwasi.

Mdogo wako hakudanganya mtu. Taa yako ilimfundisha, naye akashika somo. Usimwache abebe aibu hii peke yake.

Basi sikiliza. Nenda leo. Kesho yako tumeshaijua. Mwende wote wawili kwa mwalimu, na wewe ndiye utangulie kusema: hitilafu ni yangu, niliiona, nikaiacha. Waliojifunzia mandhari hiyo waitwe wote warudie kutua. Ukishairekebisha, mkalishe Mawingu kitini, umfundishe kuiangalia ardhi. Siku za mwanzo atatua vibaya na atakununia. Mvumilie, ndiyo kazi ya dada mkubwa.

Taa yenyewe usiifute. Mimi nisingeweza. Mwombe mkuu wako ruhusa, uweke nakala yake kando, mahali ambapo mwanafunzi hafiki, ukae nayo saa ya chakula. Na siku moja umpeleke mumeo akaione, ajue unakokuwa anapokuuliza chumvi.

Mama atalalamika, na majirani watauliza. Mwache alalamike. Shati likikunjamana, atalipiga pasi tena.