Nusu kwa Robo

Jumatatu, 8 Mei 1995
Rejista ya darasa la saba ina majina hamsini na mawili. Wamekuja kumi na tisa. Wengine wako mashambani juu ya madungu, wanaamia mpunga usiliwe na ndege. Kila mwaka ni hivi hivi mpaka mavuno. Madawati sita, waliokosa wanakalia matofali. Kitabu cha hisabati ni kimoja, changu. Kurasa za majibu zimeliwa na mchwa.

Nimepika ugali, nimekula kwenye sufuria peke yangu. Mke wangu na watoto wako Lumemo kwa dada yake, ili wasome Ifakara kwenye walimu wa kutosha. Wazo lilikuwa langu. Mwalimu gani anayewatorosha wanawe kutoka shule yake mwenyewe? Ndiyo mimi.

Jumanne, 9 Mei
Leo nimemchapa Skolastika. Viboko vitatu, mbele ya wenzake. Niliandika ubaoni nusu gawanya kwa robo, jibu nusu. Akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Kwenye nusu zimo robo mbili. Jibu ni mbili." Wenzake wakacheka. Nikachukua fimbo.

Baadaye nikauliza, mmeelewa? "Ndiyo mwalimuuu!" Yeye kimya. Jeuri tu ya watoto wa siku hizi. Sitaki kuiwaza tena.

Jumatano, 10 Mei
Hakuja. Wanasema yuko dunguni kwa bibi yake. Haya, shauri yake.

Ila bibi yake alikuwa akishinda dunguni mwenyewe, na kifua chake kile kibovu, ili mtoto asome. Na ukiniuliza nani wa kufaulu mwaka huu, nina jina moja tu. Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 12 Mei
Nilikwenda dukani kwa Mzee Salum kununua sukari nusu kilo. Jiwe la nusu limepotea, akaweka la robo kwenye mizani. Akapima, akamimina. Akapima tena, akamimina. Mara mbili.

Nikaganda pale. "Vipi mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia malaria.

Mbili. Mtoto alisema mbili.

Jumapili, 14 Mei
Sikwenda kanisani. Naogopa kukutana na yule bibi.

Nimemwaza baba, anayeishi ng'ambo ya Kivukoni. Alisoma miaka minne tu, shule ya misheni, akiandika kwenye kibao na kufuta. Mpaka leo hesabu za sehemu anazifanya kichwani huku anachonga mpini. Walichapwa sana wale, lakini aliyewachapa alijua anachofundisha.

Mimi nilisoma saba. Kisha nchi ikataka kila mtoto aingie darasani, walimu hawatoshi, tukaokotwa sisi vijana wa vijijini. Walimu wa UPE, ndivyo tunavyoitwa, na si kwa heshima. Mkufunzi alipita mara chache. Akiuliza mmeelewa, tunaitikia ndiyo. Sehemu sikuzielewa. Nikaitikia ndiyo. Miaka kumi na saba nimejificha darasa la kwanza na la pili, kusoma na kuimba. Februari mwalimu wa hisabati akahamishwa, hakuletwa mwingine. Nikaulizwa, utaweza la saba? Nikasema ndiyo.

Jumatano, 17 Mei
Mwalimu mkuu anaandaa orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho. Inakwenda wilayani Ijumaa. Watoto wa mashambani wazazi wao waliwaombea ruhusa. Skolastika hana ruhusa, anahesabiwa mtoro. Asipoonekana Ijumaa asubuhi, jina lake linakatwa.

Nimemweleza mwalimu mkuu yote. Kanijibu: "Acha kujidhalilisha. Mwalimu akikiri kosa, kesho watampanda kichwani." Nimetoka ofisini kwake nikiwa na hasira, na zaidi ya nusu ya hasira ni juu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 18 Mei
Nimekwenda shambani kwao, njia nzima maji ya magoti. Bibi alikuwa chini ya dungu anapepeta mchele. "Shikamoo, bibi." Kaitikia marahaba bila kuniangalia. Skolastika yuko juu na kombeo, anarusha udongo, anawapigia ndege kelele. Sauti imemkauka.

Nimeinua shingo nikamwambia: "Ulikuwa sahihi. Niliyekosea ni mimi." Hakushuka. "Ulinichapa mbele ya darasa, mwalimu." Hilo tu.

Bibi akauliza, akienda huko ndege watafukuzwa na nani? Nikasema, vumilia kesho, bibi, Jumamosi nakuja mimi kutwa. Akacheka. Halikuwa cheko la furaha. Sijui kama atamruhusu. Sijui kama mwenyewe atataka.

Ijumaa, 19 Mei
Amekuja. Kakaa nyuma kabisa, kwenye tofali lake.

Nilichukua chaki. Niliandika ile ile, nusu gawanya kwa robo. Nikasema nilifundisha uongo, na nilimchapa aliyesema kweli. Nikamwita, nikampa chaki. Kaandika mbili, karudi kukaa.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni na orodha yake. Jina limebaki. Mchana walimu wenzangu walikunywa chai upande wao, mimi upande wangu. Nilitamani mke wangu angekuwepo nimsimulie.

Jumamosi, 20 Mei
Nilifika dunguni kabla jua halijatoka. Manyunyu kidogo. Ndege walikuja makundi mawili, wakaenda. Bibi kaniletea kiazi cha kuchoma.

Skolastika alishinda chini na kitabu changu. Mchana nikashuka. Sura inayofuata ni asilimia. Natakiwa kuifundisha Jumatatu na siijui, nikamwambia hivyo hivyo. Akasoma ukurasa mara mbili, akaokota kijiti, akanichorea kwenye tope. Alipomaliza akaniangalia. "Umeelewa, mwalimu?"

Nikamwambia bado.

Akafuta kwa kiganja, akaanza upya.