Taa Tatu za Kijani

Makongeni, Nairobi

Baba yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kigoda chako, patasi mkononi, na vumbi la mpingo limekujaa mapajani kama kawaida yako. Goti linaendeleaje? Na masikio? Mwende ameniambia kwamba siku hizi hata jogoo akiwika mgongoni pako hugeuki. Ndiyo maana naandika. Kupigiana kelele kwenye simu kunatuchosha sote wawili. Mara ya mwisho nilikwambia niko kazini, ukanijibu kwamba mbuzi wameshiba vizuri, nami nikakubali kwamba wameshiba vizuri.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini, narudi. Chumba ni kile kile kwenye nyumba za reli, na jirani ni yule yule Mama Saumu anayepika mahamri mlangoni pake, yule ambaye Mama alikuwa akimpelekea ndengu kila mavuno ingawa hawakuwahi kuonana.

Barua zako mbili nilizipata, Baba. Sikuzijibu. Uliuliza nitakuja lini tufungue sanduku la nguo za Mama, ukasema hazitagawanywa mpaka watoto wake wote wawepo. Najua kwamba Mwende yuko hapo nyumbani, na kaka Mutuku yuko tayari kutoka Mombasa wakati wowote. Anayesubiriwa ni mimi. Najua pia yanayosemwa, maana hata siku ya mazishi yalisemwa nikisikia. Shangazi Kalunde alisema kwa sauti ya kutosha kijiji kizima, "Huyu mtoto amekaa na vyuma mpaka naye amekuwa chuma."

Sikumjibu kwa sababu niliona anasema kweli. Nilipika chai, nikaosha sufuria, nikawapangia wageni viti. Machozi niliyasubiri kama tunavyosubiri maji huku Eastlands: unafungua mfereji, unakoroma, hautoi kitu. Nikasema yatakuja kesho. Hayakuja. Nikarudi Nairobi na ganzi, Baba, si ya mguu wala ya mkono, ni ya nafsi nzima. Chakula hakina ladha na kicheko hakina ladha. Nimekuwa nikiogopa lile sanduku. Niliogopa nisimame mbele yenu, lifunguliwe, nisikie harufu yake kwenye leso zake, na nisihisi kitu. Hapo ningejua kwa hakika kwamba kilichokuwa ndani yangu kimekufa. Nikaona ni afadhali nisijue.

Sasa nikueleze yaliyotokea wiki iliyopita. Wewe ni fundi, utanielewa.

Tuliletewa hangani, kwenye banda letu la kutengenezea ndege, ndege ndogo ya viti vinne, anayoirusha Kapteni Abdi wa Eastleigh. Ni aina ile inayokunja magurudumu ikishapaa, kama kuku anavyokunja miguu, halafu inayatoa tena kabla ya kutua. Rubani akiwa juu haoni magurudumu yake. Anachoona ni taa tatu ndogo za kijani mbele yake, kila gurudumu na taa yake. Taa ikiwaka, gurudumu limetoka na limejifunga. Isipowaka, huenda likakunjika ndege ikigusa ardhi, na hapo ni kuburuza tumbo kwenye lami huku mabawa yamejaa mafuta. Lalamiko la Kapteni lilikuwa kwamba taa mara zinawaka, mara haziwaki.

"Zinanichezea, wallahi," alisema. "Juzi narudi, hata moja haiwaki. Nikazunguka, jua likaingia wingu, nikaziona. Nyinyi mniambie hiyo ni nini."

Tuliipandisha kwenye jeki, magurudumu yakabaki yananing'inia. Mwenzangu Otis aliingia ndani, akawa anavuta mkono wa magurudumu juu na chini, na mimi niko chini ya bawa na tochi. Yakaingia, yakatoka. Kila yakitoka, taa zote tatu, kijani safi. Tulirudia mpaka Otis akachoka mkono. Ni kama mgonjwa anayepona akifika tu mlangoni kwa daktari.

"Hii ndege inatubeba ufala," Otis akasema, yaani inatufanya wajinga.

Nilianza kutafuta kidogo kidogo. Swichi ya gurudumu la kushoto, ile inayoiambia taa iwake, niliikuta imejaa udongo mwekundu wa viwanja vya huko mashambani, umekauka kama saruji. Nikaisafisha. Nikakuta waya umechubuka, nikaubadilisha. Nikabadilisha na balbu. Nikapima mafuta ya pampu, nikavuta springi za zile kulabu zinazofunga magurudumu. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila haya, kazi ambayo hata wewe na jicho lako kali usingeipata na doa. Lakini mikono ilikuwa inafanya peke yake, mimi sipo. Otis akanitazama, akasema, "Ndinda, siku hizi umekuwa robot kabisa." Alikuwa ananisifu.

Hanga letu lina sheria moja ambayo haijabandikwa ukutani: aliyetibu hupanda. Mkubwa wetu, Bwana Kizito, ndiye aliyeianzisha. Fundi aliyegusa magurudumu huingia kwenye ndege hiyo hiyo siku ya kuijaribu. Anasema mkono ukijua kwamba utapanda haukazi nati nusu nusu. Unakumbuka nilipomweleza Mama habari hiyo, alivyoacha kuchambua mboga akanitolea macho? "Waambie wewe una mama," alisema. Na kila nilipopanda baada ya hapo nilimtania Bwana Kizito kwa maneno hayo, nikamwambia mimi nina mama, naye akacheka, nami nikapanda. Safari hii sikuwa na la kumwambia. Niliingia, nikafunga mkanda.

Tulipaa asubuhi, jua kali. Kapteni akakunja magurudumu, tukazunguka, akayatoa. Nikasikia pampu ikivuma, nikahisi vishindo chini ya miguu yangu, kisha pampu ikanyamaza. Tukatazama taa. Hakuna hata moja.

Kapteni akayakunja tena, akayatoa tena. Vishindo, kimya, giza.

"Ndinda," akasema, "mimi naona vibaya ama?"

"Huoni vibaya, Kapteni. Haziwaki."

Akaongea na mnara wa kuongozea ndege, tukapita chini chini mbele yao ili watuangalie. Wakasema magurudumu wanayaona yote yako nje. Lakini mnara hauwezi kujua kama yamejifunga. Kapteni alikuwa anatoka jasho kwenye mdomo wa juu, na nilimsikia akimwomba Mungu taratibu. Kisha akaniambia, "Mafuta ya kuzunguka tunayo. Fikiria, binti yangu."

Nikafikiria. Pampu ile hunyamaza yenyewe magurudumu yote yakishajifunga, nayo ilinyamaza. Sikio liliniambia kitu kimoja na macho yakaniambia kingine. Nilitazama chini, nikaona kwa mbali mabati ya Eastlands yakimeta, nikajua mojawapo ni langu, na kwamba asubuhi nilikuwa nimeacha chai nusu kikombe juu ya meza. Basi. Hilo ndilo wazo lililokuja. Sikuogopa, Baba. Mtu aliyekaa kando yangu alikuwa anaogopa, naye ana miaka mingi angani kuliko mimi duniani, na mimi nilikuwa kama ninayesubiri zamu kwenye foleni ya mafuta ya taa. Nikajisemea, ndiyo hii sasa, hata kufa hakukuhusu.

Niliinama nichomoe balbu moja nijaribu kuibadilisha na nyingine. Kiganja changu kikapita juu ya zile taa, kikazikinga jua. Nikaona kijani.

Nikaondoa kiganja, kijani kikapotea. Nikakirudisha. Kijani, hafifu kama macho ya paka gizani. Nikazikinga zote tatu kwa mikono miwili, na zote tatu zilikuwa pale. Zilikuwa zinawaka muda wote.

"Kapteni," nikamwambia, "zima taa za mabawani."

Alizima, na kijani kikalipuka mbele yetu.

Ndege ile, ukiwasha taa za mabawani, inazipunguza nguvu zile za kijani yenyewe, ili zisimwumize rubani macho usiku. Ukiziwasha mchana wa jua kali, jua linazimeza. Marubani wa uwanja wetu huziwasha hata mchana, kwa sababu ndege ndogo ni nyingi na kila mmoja anataka aonekane na mwenzake. Na sisi mafundi hatuziwashi hangani hata siku moja. Ndege imesimama juu ya jeki, ya nini kumaliza betri? Kwa hiyo yeye alizijua zikiwa zimewashwa, sisi tulizijua zikiwa zimezimwa, na tukabishana kuhusu ndege moja kama watu wawili wanaozungumzia ng'ombe wawili. Habari hiyo ya kupunguza nguvu nilifundishwa chuoni. Bwana Kizito anaijua. Otis anaijua. Mazoea yana taabu.

Kapteni alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanitukana mimi, Otis, Bwana Kizito na ukoo wake mwenyewe, akatua laini kama anayelaza mtoto. Otis alikuja mbio.

"Manze, nilikuwa nishaanza kukuombea! Hukuskia uoga?"

"Sikuskia kitu."

Akacheka, akidhani najigamba. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Akachukua kisanduku changu cha spana akanibebea, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

Nilirudi Makongeni jioni bado kuna mwanga. Mama Saumu alikuwa mlangoni na karai lake. Sasa hapa, Baba, kuna jambo ambalo hulijui. Nilipokuja huko kumzika Mama, niliaga hapa kwamba nimetumwa kikazi. Sikutaka kuulizwa. Niliporudi, Mama Saumu akaniuliza kama anavyoniuliza siku zote, "Mama hajambo huko Ukambani?" Nikajibu, "Hajambo." Kesho yake akauliza, nikajibu hajambo. Limekuwa neno la kupitia mlangoni, kama kufuta miguu. Miezi yote hii Mama amekuwa hajambo hapa Makongeni.

Jioni ile akauliza tena, mwiko mkononi. "Mama hajambo?"

Nilifungua mdomo niseme lile lile. Halikutoka. Nikasimama pale na begi begani, nikasema, "Mama Saumu, mama alifariki. Zamani. Kabla ya mvua."

Aliweka mwiko chini. Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Alisema, "Inna lillahi," kisha akasema, "Na umekaa na msiba humo ndani peke yako, ukuta kwa ukuta na mimi?" Akaanza kulia. Baba, alimlilia Mama kama anayemlilia dada wa tumbo moja, mtu ambaye hakuwahi kumwona uso, aliyemjua kwa ndengu tu. Alinivuta pale pale mlangoni, akatufunika sote wawili kwa mtandio wake. Ndani ya mtandio kulikuwa na kagiza na harufu ya iliki na unga.

Humo ndani nikalia. Nililia hata sauti yangu mwenyewe sikuijua. Nililia mpaka mahamri yakaungua, na wateja wakayageuza karaini wenyewe, na mmoja akawa anawaambia wengine, "Wacheni, ana msiba." Bado kuna ganzi, sitakudanganya. Asubuhi niliamka nayo. Lakini sasa najua kuna kitu chini yake.

Kwa hiyo Ijumaa nakuja, na basi la asubuhi. Sanduku lisifunguliwe kabla sijafika.

Nisalimie Mwende, mdogo wangu anayekutunza, mwambie uchovu wake nauona na nikija nitashika ndoo. Mwambieni kaka Mutuku asafiri. Mzee Nzioka, mchongaji mwenzako wa hapo kibandani, mpe salamu, na umwambie twiga wa safari iliyopita shingo zao zilikuwa fupi. Shangazi Kalunde naye msalimie sana, umwambie chuma nacho kikilowa hupata kutu. Mama Saumu anawapa pole nyote, na ametayarisha kifurushi cha mahamri ambayo hayakuungua.

Baba, nikishuka basini usinipigie kelele, nami sitakupigia. Niwekee kiganja begani tu.

Binti yako,
Ndinda